Dibaga yangu inasema prosesi INAKIMBIA na kumbe imesimama, lakini si kila mara

ngege_kavu (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Nimeshinda na hii kitu wiki mbili na sasa nimefika mahali nikipita karibu na ziwa najiambia hii laptopu ingezama vizuri sana pale.

Ninaandika dibaga yangu ndogo ya Linux (programu ya kuchunguza programu nyingine ikikimbia), ni C++ na ptrace (ya kuishika na kuiongoza hiyo programu) na waitpid (ya kungoja ripoti zake) tu, hakuna makuu. Iko na dirisha lenye batani mbili, Endelea na Simamisha, na pale chini kuna mstari wa hali ya prosesi: INAKIMBIA, IMESIMAMA au IMEKUFA. Ni mradi wa kumalizia kozi na Ijumaa ijayo lazima niusimamie mbele ya watu. Kila kitu kinafanya kazi, naweka brekpointi (alama ya kusimama), nabonyeza Endelea, inafika pale inasimama, rejista nazisoma, naendelea, safi. Alafu siku hiyo hiyo, programu ile ile, sijagusa kitu, mstari unaganda kwa INAKIMBIA mpaka kesho. Endelea imekuwa ya kijivu kwa sababu dibaga inaamini prosesi iko mbioni, na Simamisha hata nikibonyeza mpaka kidole kiume hakuna kitu. Nikifungua terminali nyingine nichungulie /proc/PID/task naona kuna thredi (njia moja ya kazi ndani ya prosesi) imeandikwa `State: t (tracing stop)`. Yaani imesimama kabisa, imekaa inanisubiri, na mimi nimekaa naisubiri.

Nimehesabu, ni kama mara moja kwa kila mara 30. Na nikiita mtu aje aone haitokei, akishatoka tu mlangoni inatokea. Kuna mtu ameshakutana na hii?

haraka58 (Nakuru)

Hiyo ni mbio tu omera, dibaga yako inauliza mapema kabla prosesi haijasimama. Weka usleep(50000), yaani ilale milisekunde 50, kabla ya waitpid ndani ya lupu yako alafu ulale. Mimi nilikuwa na kitu kama hicho kwa programu ya kusoma printa ya risiti, niliweka usleep na mpaka leo mteja hajanipigia.

jembe_na_kibodi (Bungoma)

Mimi naona ni hiyo variable ya hali, thredi mbili zinaiandika kwa pamoja bila kufuli. Weka std::mutex.

ngege_kavu

@haraka58 nimeweka. Sasa ni mbaya zaidi!! Ilikuwa mara moja kwa 30, sasa nimejaribu mara 10 imeganda mara 7. @jembe_na_kibodi std::mutex iko tayari, niliweka wiki jana, haikubadilisha kitu.

Naomba mwenye ameshaandika kitu kama hii anisaidie, kaka yeyote.

waya_mrefu (Kakamega)

Dada, siyo kaka, lakini nitasaidia hivyo hivyo.

Kwanza usiitoe hiyo usleep. Najua umekasirika nayo, iache hapo hapo. Mtu alikuwa na kasoro inayokuja mara moja kwa 30, sasa inakuja mara saba kwa kumi, hiyo ni zawadi kubwa kuliko yote utakayopata hapa. Siku ile unafikiri umerekebisha utajaribu mara kumi tu na utajua, badala ya kukaa usiku mzima ukibonyeza Endelea.

Sasa nijibu haya: programu unayoidibagi ina thredi ngapi? Na imewahi kuganda kwa programu ya thredi moja? waitpid unaiita na nini ndani? Na ukipata jibu kutoka kwa tid (namba ya thredi) ambayo huijui kwa orodha yako, unaifanyia nini?

Alafu niletee namba mbichi. Usiandike "stopped" au "running", hizo tayari ni maoni ya dibaga yako na sisi hatuiamini kwa sasa. Nataka ile `status` yenyewe kwa heksa, na tid yake, kila mara waitpid inaporudi. Usiichape kwa skrini papo hapo kwa sababu kuchapa kunabadilisha mwendo wa kila kitu, weka kwa safu kwenye kumbukumbu alafu uchape zote ikishaganda.

ngege_kavu

Pole sana dada, nilidhani kwa jina.

Programu ninayojaribia iko na thredi 4. Ya thredi moja sijawahi kuona ikiganda, na sasa ukiuliza naona ningetakiwa kuligundua hilo mwenyewe. waitpid naiita `waitpid(-1, &status, __WALL)` kwa lupu, kwa thredi yake peke yake, na ptrace zote zinaitwa kutoka hiyo hiyo thredi (nilijifunza kwa uchungu, nilikuwa naita ptrace kutoka kwa thredi ya dirisha na kila kitu kinarudisha ESRCH, yaani "hakuna prosesi kama hiyo"). PTRACE_O_TRACECLONE nimeweka.

Logi ya mara ambayo ilienda vizuri:

```
4101  0x3057f
4107  0x137f
4101  0x57f
```

Na hii ni ya kuganda:

```
4107  0x137f
4101  0x3057f
4101  0x57f
(kimya)
```

Na kwa swali lako la mwisho, tid nisiyoijua nafanya hivi:

```
auto t = orodha.find(tid);
if (t == orodha.end())
    continue; // si yetu
```

waya_mrefu

"si yetu" 😂 Ngege, umemfukuza mtoto wako mwenyewe mlangoni.

Soma hizo namba pamoja na mimi. 0x137f: hiyo 7f ya mwisho inasema "imesimama", na 13 ya heksa ni 19, SIGSTOP, signali ya kusimamisha. Hiyo ni thredi mpya, 4107. Ukiwa umeweka PTRACE_O_TRACECLONE, kila thredi inayozaliwa keneli (moyo wa Linux) inaiunganisha na wewe yenyewe na inaanza maisha yake ikiwa na SIGSTOP, ili upate nafasi ya kuiwekea mambo yako kabla haijakimbia. 0x3057f: 05 ni SIGTRAP, signali ya dibaga, na lile 3 la mbele ni PTRACE_EVENT_CLONE, yaani mzazi, 4101, anakuambia "nimezaa". Ukiita PTRACE_GETEVENTMSG hapo unapewa tid ya mtoto.

Sasa wewe umeandika kodi yako (ya programu, ya nyumba sijui) ukiamini mzazi lazima aseme kwanza. Hakuna mtu alikuahidi hivyo. Ndani ya keneli mtoto anaamshwa kwanza, kisha ndio mzazi anasimama kukuambia, na kama kuna kiini kingine (core) cha prosesa kiko bure mtoto anaweza kuwa ameshasimama huko kabla mzazi hajafungua mdomo. Na ukilala kama ulivyoshauriwa, unaamka unakuta ripoti zote mbili ziko mezani na waitpid ya -1 inakupa yoyote inayotaka yenyewe. Ndio maana usleep iliharibu.

Fikiria dada yako ako hapa Kakamega anamweka mtoto kwa matatu ya Kisumu, anasema nitakupigia simu nikishampandisha. Simu yake inaisha salio. Wewe uko stage, matatu inafika, kinashuka kijana hujui ni wa nani, anakuangalia, unamwambia mimi sikujui songa mbele. Robo saa baadaye simu inaingia, "nimemtuma, mpokee." Sasa umekaa stage mpaka giza unamsubiri mtu ambaye ulishamfukuza. Na waitpid ni hivyo hivyo, ripoti ya kusimama inakupa mara moja tu, ukiitupa imetupwa, hairudiwi.

Na kuganda kwa mstari wako sasa kunaeleweka. Nadhani ukigonga brekpointi unasimamisha thredi zote na unaandika IMESIMAMA zikisharipoti zote, si ndio? 4107 haitaripoti, ilisharipoti. Hata ukiitumia SIGSTOP nyingine itawekwa tu foleni, haiwezi kuipokea mpaka wewe uiruhusu kuendelea, na wewe huiruhusu kwa sababu unaamini inakimbia. Na std::mutex hapo ingefanya nini? Kufuli inazuia watu wawili kuandika kwa wakati mmoja, haiwezi kukurudishia habari uliyoitupa.

Dawa yake: usitupe.

```
if (t == orodha.end()) {
    waliofika_mapema[tid] = status;
    continue;
}

// na pale kwa PTRACE_EVENT_CLONE:
unsigned long mpya = 0;
ptrace(PTRACE_GETEVENTMSG, tid, 0, &mpya);
if (waliofika_mapema.erase(mpya))
    ongeza(mpya, IMESIMAMA); // alishafika
else
    ongeza(mpya, INANGOJWA); // bado yuko njiani
```

Ona kuna INANGOJWA, hiyo ni hali ya nne na ninaamini huna. Thredi ambayo umeambiwa ipo lakini hujaiona haikimbii na haijasimama, ni ya kungojwa, na ukiilazimisha iwe INAKIMBIA utarudi hapa wiki ijayo. Na ukiiachilia ile SIGSTOP ya kwanza, iachilie kwa PTRACE_CONT na signali 0, usiirudishe ndani, programu haikuomba kusimamishwa.

jembe_na_kibodi

Dada nimekubali. Naongeza kidogo tu: kama keneli yako ni 3.4 kwenda juu, na siku hizi nani hana, tumia PTRACE_SEIZE badala ya PTRACE_ATTACH kuishika prosesi. Thredi mpya itakuja na PTRACE_EVENT_STOP, utaona 0x80057f, siyo SIGSTOP ya kawaida. Faida yake ni kwamba siku programu yenyewe imejitumia SIGSTOP kweli, au mtu amefanya kill -STOP kutoka nje, hutachanganya hiyo na ile ya kuzaliwa. Ile foleni ya waliofika mapema bado utaihitaji lakini, SEIZE haipangi nani aje kwanza.

waya_mrefu

Kweli, na PTRACE_INTERRUPT inakuja nayo, kwa hivyo batani yake ya Simamisha haitahitaji kurusha signali ndani ya programu ya watu. Lakini mwache amalize hii kwanza, Ijumaa iko karibu.

ngege_kavu

Jamani jamani jamani. Nimeweka, nikaacha usleep ya Nakuru ndani makusudi, nimekimbiza mara 100 na haikuganda hata moja. Mara 100! Nimetoka nje nikanunua mahindi choma nikala nikiwa nimesimama barabarani peke yangu nikicheka kama mjinga.

Nikatoa usleep nikaanzisha skripti ya mara 2,000 nikaenda kulala. Stima ikapotea usiku, laptopu ikaingia betri, prosesa ikapunguza mwendo, na asubuhi nakuta mara 1 kati ya hizo 2,000 mstari umeganda tena INAKIMBIA. Moja tu. Lakini hii ni tofauti, nimechungulia: thredi zote ziko `t`, na orodha ya ndani ya dibaga inasema zote zimesimama, iko sawa kabisa! Ni mstari wa chini wa dirisha tu unaosema uongo, na batani zinausikiliza huo mstari.

Naweza kujifanya sijaiona mpaka Ijumaa ipite. Lakini nikiwa na bahati yangu ninavyoijua...

waya_mrefu

Itatokea Ijumaa, tena mbele ya mkuu wa idara. Nionyeshe kinachofanyika ukibonyeza Endelea.

ngege_kavu

```
void Dirisha::bonyeza_endelea() {
    foleni.weka(Amri::ENDELEA);
    weka_hali(INAKIMBIA); // ina std::mutex ndani
}
```

Thredi ya ptrace inachukua amri kwa foleni, inafanya PTRACE_CONT, na tukio likija nayo inaita weka_hali(IMESIMAMA).

waya_mrefu

Hesabu na mimi polepole. Batani inaweka amri kwenye foleni. Kabla haijafika mstari wa pili, mfumo unaiweka kando, zamu ya mwingine. Thredi ya ptrace inaamka, inachukua amri, PTRACE_CONT, na brekpointi inayofuata iko hapo mbele hatua chache, inagongwa mara moja, waitpid inarudi, weka_hali(IMESIMAMA). Sasa batani inaamka kutoka usingizini, haijui dunia imesonga, inaandika weka_hali(INAKIMBIA). Mwisho. Hakuna tukio lingine litakalokuja kulisahihisha.

Kila mmoja aliandika akiwa ameshika kufuli vizuri, heshima zote. @jembe_na_kibodi hapa ndipo wengi tunateleza, na mimi nikiwemo, nilikaa na moja kama hii karibu mwezi mzima kazini nikiongeza kufuli juu ya kufuli. Shida yake iko kwa mpangilio, habari ya zamani imefika mwisho ikakalia ile mpya.

Unaweza kugeuza hiyo mistari miwili, uandike INAKIMBIA kwanza alafu uweke amri, na kwa hii batani itapona. Lakini kesho utaongeza batani ya Hatua Moja utasahau, na ile ya Simamisha itakuwa na yake. Mimi ningefanya hivi: batani isiandike hali kabisa. Inatuma amri na inajifanya ya kijivu, basi. Mwenye kuandika hali ni mmoja, thredi ya ptrace, kwa sababu ndiye peke yake anayeongea na keneli, na anaandika INAKIMBIA *kabla* ya kuita PTRACE_CONT. Akitaka kuliambia dirisha, amtumie ujumbe wenye namba inayoongezeka, 41, 42, 43, na dirisha likipokea 42 baada ya 43 liitupe.

Ndio, hapo kutupa kunaruhusiwa 😄 kwa sababu unajua ni nini unakitupa.

Na kabla ya kusema imepona, ikoroge. Weka usleep kati ya ile mistari miwili ya batani kwa kodi ya zamani, uone inaganda kila mara. Kama haigandi basi mimi nimebuni hadithi tu na tutafute kwingine. Ikiganda, ndio uandike upya.

haraka58

Kumbe usleep yangu iko na kazi

waya_mrefu

@haraka58 iko, ya kuharibu. Na ile programu ya risiti nenda ukaiangalie, mteja kutopiga simu siyo kipimo, labda amezoea kuzima na kuwasha.

haraka58

...nimempigia. Anasema ikikwama huwa wanachomoa waya wa printa na kurudisha. Anasema alidhani ndivyo inavyotumiwa.

ngege_kavu

Nimeikoroga kama ulivyosema dada, usleep kati ya mistari miwili, imeganda mara 10 kwa 10. Nikajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, kwa sababu hiyo mistari nimeipita na macho labda mara mia.

Nimeandika upya. Batani sasa haziandiki kitu, nimefuta weka_hali kutoka kwa dirisha kabisa ili hata nikisahau kompaila inikatalie. Namba za ujumbe nimeweka. Nimekimbiza 2,000 na stress-ng ikichoma prosesa zote pembeni, nikatoa chaja makusudi, nikarudisha, nikatoa. Sifuri. Nimerudia 2,000 nyingine bila stress-ng, sifuri.

Nimeona kitu kingine njiani lakini: nikiua programu kwa kill -9 wakati thredi moja iko kwa waliofika_mapema, inabaki mle ndani ya orodha milele, na prosesi inaonekana Z (zombi) kwa ps mpaka nifunge dibaga. Hiyo nayo ni nini?

waya_mrefu

Waliofika mapema wanaweza pia kufa mapema. WIFSIGNALED na WIFEXITED (zinazosema kama imekufa) unaziangalia kabla ya kutafuta tid kwa orodha, au baada?

ngege_kavu

Baada 🤦🏾

waya_mrefu

Basi unajua. Ukimaliza hiyo angalia pia thredi isiyo ya kwanza ikiita execve (kuanzisha programu nyingine mahali pake), tid yake inabadilika inachukua ile ya mkubwa na wengine wote wanatoweka, utaona PTRACE_EVENT_EXEC. Lakini hiyo fungua uzi mwingine baada ya Ijumaa, huku mvua ya alasiri imeanza na nina nguo kwa kamba.